Cheo Kilichogawiwa Nyuma ya Jiko

Mtu aliyepewa kazi yangu alikuwa na ujuzi mmoja tu usio na ubishi: alijua kuchoma mbuzi. Simsingizii. Nimefanya kazi na walimu wengi tangu wakati huo, wapole na wakali, wenye bidii na wale wa kungojea mwisho wa mwezi, na sijaona mwingine aliyeweza kumkabili mbuzi mzima kwa utulivu ule. Ukimpa chaki alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Ukimpa kisu, mabega yalinyooka na hata sauti ikawa nzito.

Shule yetu ilikuwa ya sekondari, upande wa Tetu, mwendo mfupi kutoka soko la Giakanja. Ilikuwa miaka ya tisini. Mabweni yalikuwa ya mbao, kahawa ya watu ilizunguka uwanja pande tatu, na mwezi wa Julai ukungu ulikaa sana hivi kwamba ulisikia kengele kabla ya kuona darasa. Mimi nilifundisha hisabati. Nilikuwa na digrii, na naitaja mapema kwa sababu pale shuleni hakuna aliyeitaja isipokuwa mimi. Wenye digrii tulikuwa wawili, na huyo mwingine alikuwa mwalimu mkuu.

Mchoma mbuzi wetu alianza kama mwalimu ambaye hakusomea ualimu. Aliletwa ashikilie darasa la kilimo mwalimu wa kilimo alipohama, akalishika na hakuliachia tena. Baadaye alienda kozi za wakati wa likizo akarudi na cheti. Alifundisha kilimo, na Biblia pia pale mwalimu wa Biblia alipokosekana. Mwanafunzi wake mmoja aliwahi kunijia, kwa heshima zote, akaniuliza kama ni kweli ng'ombe ana tumbo lenye sehemu nne au mwalimu alikuwa anatania. Ilikuwa kweli. Lakini swali lenyewe linakuonyesha jinsi watoto walivyokuwa wamemzoea.

Naibu wa mwalimu mkuu alipostaafu, mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia nishikilie kidogo. Kidogo hicho kilipita miaka miwili. Niliitwa kaimu, neno zuri sana kwa mtu anayetaka kukutumia bila kukupa kitu. Nilipanga ratiba ya masomo na zamu za walimu. Nilipokea wazazi waliokuja wakiwa wamekasirika na kuwarudisha wakiwa wamekasirika kidogo tu. Nilikagua maharagwe ya watoto, kwa kuwa mwenye duka aliyetuuzia alikuwa na tabia ya kuficha yale ya zamani chini ya gunia. Usiku mmoja bweni la wavulana lilipoanza kelele za mgomo, ni mimi niliyeingia na taa, na mwalimu mkuu alibaki mlangoni akisema maneno ya kunitia moyo.

Kwa hiyo nilijua kazi ni yangu. Kila mtu alijua. Mama yangu, aliyeishi kwetu upande wa Karatina, alikuwa ameshawaambia akina mama wa kanisa kwamba binti yake ni naibu, na kila nilipoenda kumwona aliniuliza, "Maitu, wamekupa sasa?" Hivyo ndivyo mama wa kwetu humwita bintiye, kana kwamba binti ndiye mama. Nikamwambia bado kidogo. Niliitaka ile kazi, na sioni aibu kusema hivyo. Niliitaka kwa sababu nilikuwa naifanya tayari, na mtu anayelima shamba hupenda kuitwa mwenye shamba.

Siku ya kikao cha bodi ilikuwa na taratibu zake. Wajumbe walifika asubuhi, karibu wote wakiwa wazee wa kanisa wenye kahawa, wakiongozwa na mwenyekiti aliyevaa koti la suti juu ya sweta nene. Waliingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Mimi nikaingia kama kaimu nikasoma ripoti yangu: mahudhurio, mtihani wa majaribio, paa la bweni, maharagwe. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja wao alisinzia, kwa adabu vilevile. Nilipomaliza mwenyekiti alisema, "Asante sana mwalimu, umeongea vizuri," na nikaambiwa ninaweza kwenda kunywa chai.

Kikao cha ofisini hakikukawia. Kikao chenyewe kilihamia nyuma ya jiko la shule, ambako mbuzi alikuwa ameshachinjwa na mwalimu wa kilimo alikuwa amekunja mikono ya shati tangu alfajiri. Watoto wake wa kidato cha tatu walikuwa wanasoma wenyewe juu ya mbolea. Msomaji wa mbali huenda asijue, kwa hiyo nieleze: kwetu moto wa kuchomea mbuzi ni mahali pa wanaume. Hakuna aliyewahi kunikataza kwenda pale. Nilikua nikijua tu, kama nilivyojua kutopita katikati ya wazee wakiongea. Pale motoni ndipo huliwa mutura, ule utumbo uliojazwa damu na nyama iliyokatwakatwa, ukachomwa na kukatwa vipande, kila mtu akipokea chake kwa mkono akiwa amesimama. Mutura haiendi ndani ya nyumba. Kinachokwenda ndani ni mbavu na mchuzi, kwa ajili ya wanawake na wageni wasiojua.

Wanawake tulikuwa watatu: mimi, mwalimu wa upishi na ushonaji, na karani wa ofisi. Tuliketi katika chumba cha walimu tukaona moshi kupitia dirishani. Tuliletewa mbavu zetu kwenye sinia lililofunikwa vizuri. Mara kwa mara tulisikia kicheko cha wanaume, halafu kimya cha watu wanaotafuna, halafu kicheko tena. Mwalimu wa upishi alisema nyama imeiva vizuri. Nikamwambia ndiyo, imeiva.

Baada ya majuma machache, asubuhi ya Jumatatu, wanafunzi wakiwa wamejipanga uwanjani na pumzi zao zikionekana kwa baridi, mwalimu mkuu alitangaza kwamba bodi ilipendekeza jina, wakubwa wa Nairobi wakalikubali, na sasa tuna naibu. Akamtaja mwalimu wa kilimo. Nilipiga makofi, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefunzwa adabu na mama. Naibu mpya akasogea mbele akasema, "Mimi sina maneno mingi. Tushirikiane tu." Alisema kweli, hakuwa na mengi.

Mwalimu mkuu aliniita baadaye anifariji. Alikuwa mtu wa kufunga na kufungua kalamu akiwa na jambo la aibu. "Mwalimu, usione vibaya," akasema. "Wewe uko na masomo. Wewe utapata popote. Huyu mwenzako, hii ndiyo atapata." Nilimtazama nione kama anasikia anachosema. Kwa hesabu yake, mgonjwa apasuliwe na yule aliyeshindwa na shule, maana daktari hakosi kazi popote. Niliondoka kwa sababu kama ningekaa ningesema.

Watu wengine wakiumizwa hulia, na wengine huanza kunywa. Mimi nilidharau. Nilifanya hivyo kwa mpangilio, kama ninavyofanya mambo yote. Kwanza nilianza kumsalimia naibu kwa cheo chake kizima, bila kupunguza hata neno. "Habari ya asubuhi, Bwana Naibu wa Mwalimu Mkuu." Nilisema hivyo mlangoni, kwenye chai, kwenye njia ya choo. Nilitaka cheo kimkae vibaya kila akisikia. Naye alifurahi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akajibu, "Mzuri sana, mwalimu, na wewe?" Ni vigumu kumdharau mtu ambaye dharau yako anaipokea kama zawadi, lakini sikukata tamaa.

Kisha nilimtazama. Alipewa meza yangu ya pembeni karibu na dirisha, na juu yake akaweka chupa ya chai na mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwa gazeti. Alipotia sahihi alitoa ulimi kidogo, na sahihi yenyewe ilichukua muda, maana aliandika jina lote kwa herufi zinazosomeka, kama mtu anayejaza fomu ya ubatizo. Mzazi akija na malalamiko alimkaribisha, akamuuliza anatoka kijiji gani, akagundua kwamba shangazi ya mzazi aliolewa karibu na kwao, na baada ya hapo hakuna lalamiko lililozungumzwa. Mzazi alienda akicheka. Shida aliyokuja nayo ilibaki pale pale mezani, karibu na mahindi.

Yote haya niliyapeleka mtaa wa Majengo, mjini, kila Jumamosi. Nilikuwa nimepanga chumba Ruring'u, nje kidogo ya mji, na huko Majengo, si mbali na msikiti, palikuwa na fundi wa nguo, mama mmoja Mwislamu ambaye familia yake iliishi mtaa ule tangu zamani. Alinishonea sketi za kazi. Nikisimama apime kiuno nilianza: naibu amefanya hivi, naibu amesema vile. Alinisikiliza akiwa na pini mdomoni. Siku moja alizitoa akasema, "Mwalimu, huyo bwana wako wa shule nimeanza kumjua kuliko mume wangu. Na sketi hizi nazidi kuzipunguza. Unamla yeye au anakula wewe?" Nilicheka. Nikiwa njiani kurudi, hasira ilikuwa imenirudia yote.

Mama naye aliniambia Mungu hasahau. Nikamjibu kwamba Mungu hakuwa mjumbe wa bodi. Aliendelea kuchagua njahi, yale maharagwe yetu meusi, na jioni nzima aliniongelesha kupitia paka. Kilichomuuma zaidi, najua, ni kurudi kanisani kuwaambia akina mama kwamba binti yake bado ni mwalimu tu.

Katika haya yote nilikuwa na imani moja ambayo sikuihoji: kwamba yule mtu alifanya njama. Usiku nikiwa kitandani nilimwona akiwazungukia wajumbe nyumbani kwao, mmoja mmoja, akibeba mguu wa mbuzi, akinong'ona juu yangu. Amesema nina kiburi. Amesema mwanamke asiyeolewa hawezi kukaa na wavulana wakubwa. Nilimtungia maneno mengi, na kwa sauti yake mwenyewe. Nilimwona mjinga na mjanja kwa wakati mmoja, na mimi mwalimu wa hisabati sikuona kasoro katika hesabu hiyo.

Muhula mpya ulipokaribia alikuja mezani pangu na karatasi kubwa ya manila. Aliikunjua juu ya madaftari ya watoto. Ilikuwa na mistari iliyofutwa na kuchorwa upya hadi karatasi ikaota manyoya.

"Mwalimu," akasema, "hii ratiba imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imekataa kuingia. Nikiweka hisabati hapa, ati fizikia inabaki nje."

"Isukume," nikamwambia.

Aliitazama karatasi kana kwamba anatafuta pa kusukumia, akashukuru, akaiviringisha akaenda. Ratiba ni kazi ya naibu. Naibu alilipwa kwa kazi hiyo, na mimi nililipwa kwa hisabati.

Jumatatu ya kwanza ya muhula mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili walikutana mlangoni pa kidato cha pili, kila mmoja na chaki yake. Kwa kuwa wote ni watu wa heshima, kila mmoja alisisitiza mwenzake aingie, hadi kipindi kikaisha. Kidato cha kwanza hawakuwa na mwalimu hata mmoja hadi wakati wa chai. Kidato cha nne, waliokuwa na mtihani wa taifa mwaka ule, walipangiwa kilimo mara tatu kwa siku moja, kwa sababu kilimo ndicho kipindi pekee ambacho naibu alikuwa na hakika mwalimu wake yupo. Nilikaa katika chumba cha walimu nikasahihisha madaftari. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa muda mrefu, na nilijua si furaha ya Mkristo.

Siku ya tatu mwalimu mkuu alinijia akifunga na kufungua kalamu. Akasema tufikirie watoto. Watoto walikuwa ndiyo kamba ambayo shule ile ilinifungia siku zote. Nikapanga ratiba nyumbani Ruring'u, wikendi moja, nikaileta. Naibu aliibandika ukutani nyuma ya meza yake. Alisimama mbele yake na mikono kiunoni, akamwambia mwalimu wa upishi, "Sasa imekubali."

Lazima niseme pia habari za kabichi, kwa sababu watu waliokuwepo wataniona mwongo nikiziruka. Naibu alilima kila kipande cha ardhi kilichokuwa wazi, hadi ukingo wa uwanja wa mpira, na watoto walikula mboga mbichi mwaka mzima. Kabichi zilistawi ajabu. Wazazi walizisifu kwenye siku ya wazazi kuliko walivyosifu matokeo. Nilikula kabichi hizo mimi mwenyewe na sikuona ladha ya uongozi ndani yake. Mtu anayelima vizuri apewe jembe jipya.

Mwishoni mwa mwaka, shule ilipofungwa, walimu waliamua kumfanyia naibu sherehe nyumbani kwake. Hiyo ni desturi yetu: mwenzako akipanda, mnamnunulia zawadi na yeye anachinja. Zawadi ilikuwa blanketi zito la rangi ya damu ya mzee. Mwalimu mkuu akaniambia mimi ndiye nitakayetoa hotuba na kumfunika blanketi.

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Kila mtu anaona vile unamheshimu," akasema. "Hakuna mwingine anamwita kwa cheo chake."

Nilimtazama machoni nione kama ananicheka. Hakuwa ananicheka. Mwaka mzima nilikuwa nimeinoa dharau yangu, nikaitoa hadharani kila siku, na shule nzima ilikuwa imeiona kuwa heshima. Nilikubali kutoa hotuba. Nilikubali kwa sababu niliona hatimaye nimepewa nafasi ya kusema kwa namna ambayo hata watu wale wangeelewa. Juma zima nilitunga sentensi zenye miiba nikazijaribu mbele ya kioo.

Nyumba yake ilikuwa chini ya Giakanja, kwenye mteremko, kahawa juu na migomba chini karibu na mto. Nilifika na gauni jipya kutoka Majengo. Walimu wanaume walipitishwa kando ya nyumba, wakateremka kuelekea migombani, ambako moshi ulikuwa unapanda. Mmoja wao alikuwa kijana aliyeajiriwa mwaka ule ule, ambaye nilimfundisha mimi jinsi ya kujumlisha alama za darasa. Aliteremka na wenzake bila hata kugeuka. Mimi nilikaribishwa jikoni.

Mke wa naibu alikuwa mwanamke mkubwa, mchangamfu, mwenye kitambaa kichwani na mikono iliyofika kila mahali. Alinifuta kigoda, akanipa kisu na karai la viazi vya mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi ya kuponda. "Karibu mwalimu," akasema. "Mzee anasemanga ni wewe ulimfunza hiyo kazi. Sisi hapa tunakuombea." Hakukuwa na sumu ndani ya maneno hayo hata kidogo, na hilo lilinichosha zaidi. Nikaketi na gauni langu jipya nikamenya viazi, mimi, mwalimu mwandamizi, katikati ya majirani waliokuwa wanajadili bei ya mbolea, huku kijana wa kujumlishiwa alama akila mutura.

Nilimenya viazi vingi. Kila kimoja kilipotumbukia majini nilizidi kuwa na hasira, na si kwa naibu peke yake. Mke wake alipouliza nani atakwenda kuwaambia wanaume walete nyama ya wageni, nikainuka nikachukua sinia. Desturi ni kwamba mwanamke anasimama mbali, pale njia inapokatia migombani, anaita, na mwanamume mmoja anapanda kuchukua sinia. Nilifika pale njia inapokatia. Sikuita. Niliendelea kushuka.

Wanaume waligeuka kunitazama. Walikuwa wamesimama kuzunguka makaa: mwenyekiti wa bodi na koti lake, wajumbe wengine wawili, mwalimu mkuu, walimu. Naibu alikuwa amechutama na kisu, akiwa na mutura ndefu imeviringishwa juu ya jani la mgomba. Alinitazama kama mwanafunzi aliyekutwa.

"Kuna shida huko juu, mwalimu?" akauliza.

"Hakuna shida. Nataka mutura."

Alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti aliutazama moto. Basi yule naibu, ambaye hakuwahi kuamua jambo lolote gumu katika ofisi yake, akakata kipande kinene, akakiweka juu ya ncha ya kisu, akanipa. Nikakila nikiwa nimesimama kama wao. Kilikuwa na chumvi na pilipili na kilikuwa kitamu, na kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nikamuuliza swali nililokuwa nimelilalia mwaka mzima.

"Siku ile ya bodi, uliwaambia nini juu yangu?"

"Mimi?" Alishangaa kweli. Sura yake haikuwa na uwezo wa kutengeneza mshangao wa uongo. "Sikusema kitu, mwalimu. Mimi nilikuwa nageuza nyama. Mzee hapa aliuliza tu, ati, sasa naibu itakuwa nani. Halafu akaniangalia akasema, si huyu yuko."

"Na mimi?"

Mwalimu mkuu alipapasa mfuko wa shati akitafuta kalamu. Mwenyekiti alimaliza kutafuna, akafuta vidole kwa jani. Hakuwa na aibu wala hasira. Alikuwa mzee aliyeulizwa jambo dogo na analikumbuka kwa uzuri.

"Wewe jina yako haikutajwa," akasema. "Si ati tulikukataa. Haikutokea tu."

Nikakumbuka usiku wote niliokesha nikimtungia njama mtu aliyekuwa anageuza mbavu. Hakukuwa na njama. Hakuna aliyenisengenya, hakuna aliyepima digrii yangu akaiona nyepesi, wala hakuna aliyesema kwamba mwanamke hawezi. Kama wangenikataa ningekuwa angalau nimefika mbele yao. Wanaume wale walipanga maisha yangu kati ya mutura na mbavu, bila hata kunikumbuka, na ripoti yangu ilikuwa bado mezani ofisini. Nikaona kwamba nimekuwa bahili wa dharau. Nilikuwa nimempa mtu mmoja mzigo uliotosha kugawiwa wote.

"Kwani ulikuwa unaitaka hiyo kazi?" mwenyekiti akauliza. Aliuliza kwa upole. Alitaka kujua.

"Niliifanya zaidi ya miaka miwili."

"Hiyo tulijua, ulikuwa unatusaidia. Lakini hukusema unaitaka."

"Na yeye alisema anaitaka?"

Mwenyekiti alicheka, na wajumbe wakacheka pamoja naye. "Huyu? Huyu hakuwa na haja ya kusema," akasema. "Huyu alikuwa hapa." Kisha akanyoosha mkono kwa naibu apewe kipande kingine.

Nilivuta gogo lililokuwa karibu na kuni nikaketi. Hakuna aliyeniambia niondoke na hakuna aliyesogea kunipa nafasi. Kijana wa kujumlishiwa alama alitumwa apeleke sinia juu, akaenda akijikwaa kwenye migomba. Baada ya kula, mke wa naibu na majirani waliteremka na blanketi, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba sasa ni hotuba. Zile sentensi zangu zenye miiba zilikuwa zimenitoka kichwani zote. Nilisimama pale pale na mikono yenye mafuta, nikamfunika naibu blanketi mabegani, naye akainama ili nimfikie vizuri.

"Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," nikasema. "Naibu wetu alipata kazi hii kwa sababu mlipotafuta mtu, yeye ndiye mliyemwona mbele yenu akiwagawia nyama. Hakuna sababu nyingine. Nimeuliza leo, na nimejibiwa."

Walipiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, naibu akafuta machozi kwa ncha ya blanketi, na mwenyekiti wa bodi akapiga makofi kuliko wote, akimwambia aliyekuwa karibu naye kwamba mwalimu huyu siku zote huongea vizuri.